Niliijaribu kamera ya full frame ya zamani kwa kuupiga picha mlima, ikaja kuniumbua Machame mbele ya wakwe

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo.

Juzi kuna kijana kauliza humu kama kamera ya DSLR ya full frame ya kizamani bado inafaa kununuliwa. Nimeona mmemjibu kwa namba mlizookota mtandaoni. Mimi sina namba, nina kisa. Na sitatia chumvi, maana shemeji zangu wawili ni wanachama humu na wanapenda sana kunisahihisha.

Ilikuwa kabla simu za kupangusa hazijafika Moshi. Nilikuwa na studio ya chumba kimoja pale Majengo, napiga passport, kipaimara na harusi kwa kamera ndogo ya digital. Haikuwa mbaya hata kidogo.

Lakini mpiga picha akishaanza kusoma habari za full frame, amekwisha. Anaanza kuichukia kamera inayomlisha.

Kwa wasiojua, full frame ni kamera ambayo sensor yake, kile kinachonasa picha ndani, ina ukubwa wa kipande cha ile filamu ya zamani. Rangi ya ngozi inatulia, sura inatoka na uhai wake. Ukishaziona picha zake, usingizi unapungua.

Basi rafiki yangu Elinami, guide wa mlimani, akaja nayo. Mzungu aliyempandisha alikuwa amemwachia kama shukrani. Toleo la mwanzo mwanzo, zito, mpira umeanza kubanduka pembeni.

Nikamuuliza, "Inafanya kazi kweli?"

"Hii imefika kileleni. Wewe umefika?"

Sikuwa nimefika. Mpaka leo sijafika.

Nikaomba niijaribu. Hapa ndipo mtakaponicheka, chekeni tu. Nikaamka asubuhi, kilele cha Kibo kiko wazi, theluji inang'aa. Nikapiga mlima. Nikapiga tena na tena. Nilipoziweka kwenye kompyuta, machozi yalinilengalenga.

Wakuu, hilo ndilo kosa letu watu wa Moshi. Tukishika kamera tu, tunaupiga mlima. Mlima haufumbi macho, hautingishiki, haukimbilii chakula. Asubuhi ile hata ningeupiga kwa kopo la maziwa ungetoka vizuri.

Sikupiga binadamu hata mmoja. Sikuingia nayo ndani penye giza. Sikutoa lenzi nikachungulia. Nikampa Elinami kamera yangu ndogo na redio yangu ya spika mbili juu yake, tukapeana mikono. Sikubaki na kamera nyingine.

Haraka ya nini? Haraka ilikuwa Aika.

Aika ndiye mke wangu sasa. Wakati ule tulikuwa wachumba wa siri. Yaani siri kwa baba yake tu, Machame nzima ilishajua. Baba mwenyewe ni mwalimu mstaafu, Mlutheri wa benchi la mbele, na hakuamini kwamba kupiga picha ni kazi. Akisikia nikitajwa alikuwa anauliza, "Huyo kijana akishamaliza kupiga picha, huwa anafanya kazi gani?"

Sasa babu na bibi yake Aika walikuwa wanatimiza miaka sitini ya ndoa. Ni Desemba, ukoo wote umepanda kutoka Dar na Arusha. Aika akapambana mpaka nikapewa mimi kazi ya picha. Halafu akaniambia bila kuzunguka: "Ukiharibu hii, usihangaike kuleta posa. Baba hatakusikiliza."

Kwa hiyo wakuu, ile haikuwa kazi. Ule ulikuwa usaili.

Kanisani mambo yalinyooka. Mwanga hafifu, lakini dude likatoa picha tamu mpaka nikaanza kutembea kwa maringo.

Tukarudi nyumbani, kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa ajili ya picha ya ukoo. Babu na bibi wameketi mbele, migomba nyuma, watu kama sitini wamejipanga, watoto wamekalishwa chini. Machalari ya ndizi na nyama inanukia, kila mtu ana njaa. Nikanyanyua kamera kwa madaha, nikabonyeza.

Tak! Halafu giza totoro.

Nikadhani ni mfuniko wa lenzi. Sio. Nikatoa lenzi, nikakuta kile kioo kidogo cha ndani, kinacholeta picha kwenye jicho la mpigaji, gundi imeachia kimeanguka. Nikakitoa kwa vidole. 

Bila kioo kile kamera inapiga, ila wewe huoni kitu. Na matoleo yale hayakuwa na ujanja wa kukuonyesha kwenye skrini kabla hujapiga. Unaona ukishapiga.

Shetani akaninong'oneza: wewe bonyeza tu, tabasamu, mengine utayajulia Majengo. Nikamtazama Aika. Alishanisoma, amejiziba mdomo na kitenge.

Nikaenda mpaka kwa baba yake. Naogopa, sidanganyi.

"Baba, samahani. Kamera imeharibika. Bado inapiga, ila sioni ninachopiga."

 Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Huoni kabisa?"

"Sioni kabisa, baba."

Shangazi yake Aika, mfanyabiashara wa Himo mwenye sauti ya kuita mteja ng'ambo ya barabara, akaangua kicheko. "Si sisi tunaona! Piga, tutakuelekeza!"

Ndivyo ilivyokuwa. Nikahesabu hatua mpaka kwenye viti, nikaweka umbali kwa mkono kwenye lenzi, nikashika kamera kifuani na kubonyeza. Kila nikipiga, mashangazi wanakuja kwenye skrini kukagua.

"Umemkata babu kichwa!"

"Haya, sasa umepiga mgomba mtupu!"

"Kushoto! Kushoto kwako, mwanangu, sio kwangu!"

Wanapingana, wanasukumana, mmoja ananigeuza mabega. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akapaliwa. Alipopata pumzi akasema kwa sauti, "Jamani, mwacheni mkwe wangu afanye kazi!"

Mkwe!

Siri yote ikamwagika hapo hapo. Aika akatamani ardhi ipasuke. Mimi nikakodolea macho kamera, ambayo hata haikuwa inaonyesha kitu.  Mzee alirekebisha kola ya koti lake tu.

Mara ya tisa hivi, picha ikakaa. Watu wote sitini wanacheka kweli, babu amemshika bibi mkono asidondoke kitini. Tuliisafisha kubwa, ya ukutani, na mikunjo ya uso wa bibi unaihesabu ukiwa mlangoni. Hapo full frame naivulia kofia.

Kwa hiyo kijana, jibu langu ni hili: nunua, inafaa. Ila jaribu kwa kupiga watu, watu wanaohangaika, jikoni penye moshi. Toa lenzi uchungulie kioo. Na usitoe kamera yako ya pekee eti umepata nzuri zaidi. Mlima utaupiga ukishanunua.

Najua mnataka kujua posa iliishaje.

Baada ya mwaka mpya wazee wangu walipanda Machame na mbege yao, ile pombe ya ndizi. Mimi nilibaki mjini nikisubiri habari. Mshenga alinisimulia alivyoanza kunipamba, mara huyu kijana ni mchapakazi, mara ni mcha Mungu. Mzee akamkatisha.

"Huyo namfahamu. Aliharibikiwa mbele ya ukoo wangu wote, akanifuata mwenyewe akaniambia. Mimina hiyo mbege tuzungumze."

Niliposikia hivyo nilifunga studio, nikakaa kwenye kiti cha wateja wa passport, nikalia kama mtoto.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye hizo kamera kuukuu na waliowahi kuumbuka ukweni, leteni na za kwenu nisicheke peke yangu. Povu ruksa.