Kibaraza Nilichosema Hakina Watu

Mwezi uliopita vijana wa kaunti walikuja hapa Voi na ramani. Wakaitandaza juu ya meza ya plastiki, wakauliza ni nani hutumia kile kipande cha ardhi kando ya soko. Kabla mwenyekiti hajamaliza kufungua mkutano, nilikuwa nimeshasimama. Niliwaeleza nani hukaa pale, saa ngapi, na huhamia upande gani jua likigeuka. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilizungumza kama mtu anayefukuzwa. Sikubishana naye. Swali kama lile niliwahi kuulizwa ugenini, nikalijibu kwa uongo, na mwenye kuumia hakuwa mimi.

Nilikwenda Saudia nikiwa mtu mzima mwenye mvi, mwanzo nikiwa dereva wa familia moja Riyadh, mtaa wa Malqa. Siku zile Riyadh ilikuwa imechimbuliwa kama shamba la viazi. Walikuwa wanajenga reli za ndani ya mji, na njia uliyopita jana leo ilikuwa shimo. Madereva wengine walilalamika. Mimi nilifurahi. Kila asubuhi nilitoka getini nikijua kwamba mji utanipa fumbo jipya, na niliporudi na watoto wa bosi bila kuchelewa nilijiona nahodha.

Kitu kimoja tu kilitushangaza sisi Wakenya: kule hakuna mtu aliyetembea kwa miguu. Tulikuwa na mzaha wetu kwamba ukimwona mtu anatembea Malqa, basi ama hana ikama, kile kibali cha kuishi, au amegombana na mkewe. Bosi wangu aliusikia mzaha huo siku moja nikimwambia mlinzi wa jirani, akaomba nimtafsirie. Hakucheka. Alisema hiyo ndiyo shida yenyewe, na ndiyo kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuchora miji. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye penseli mfukoni mwa kanzu badala ya kalamu ya dhahabu. Mimi nilimwita baba, kama tulivyozoea kuwaita waajiri, na yeye kwa kuwa nilimzidi umri aliniita ami. Sijui ni waajiri wangapi walimwita dereva wao hivyo.

Mwaka ule wanawake waliporuhusiwa kuendesha magari, madereva wa Malqa tulikaa kama watu walio msibani. Madam wangu alipata leseni mapema, akaendesha vizuri kuliko mimi. Nilianza kufunga sanduku. Lakini bosi alikuwa amepewa kazi Jeddah, na akasema twende wote, maana yeye akiendesha huwa anatazama majumba badala ya barabara. Hivyo ndivyo nilivyofika pwani ya Bahari ya Shamu.

Jeddah ilinipa uhai. Hewa ilikuwa na chumvi kama ya Mombasa, watu walikuwa na sauti, na mji wote ulikuwa unazungumza juu ya wageni. Nchi ilikuwa inajiandaa kupokea watalii, si mahujaji tu, bali watu wanaokuja kutazama. Kule mji wa kale, nyumba za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao zilikuwa zinatiwa nguzo zisianguke. Kando ya bahari walikuwa wametengeneza njia ya kutembea, ndefu, yenye viti na vivuli. Jioni ya kwanza bosi aliponipeleka kuiona nilisimama nikatazama watoto wakiendesha baiskeli, wazee wakila mbegu za tikiti, na wanawake wakikimbia kwa viatu vya michezo. Nikawaza: kumbe hawa watu walikuwepo siku zote, ila hawakuwa na pa kutokea.

Bosi alikuwa na timu ya vijana, wavulana na wasichana, waliozunguka mitaani na vidude vidogo vya chuma vya kuhesabia. Akipita mtu, bofya. Akikaa mtu, bofya. Alinieleza ndani ya gari kwamba zamani walichora barabara kwanza, kisha wakashangaa watu wamekwenda wapi. Sasa wanaanza na mtu. Mahali watu wanapokaa wenyewe, bila kuambiwa, hapo ndipo mji ulipo tayari, na wao kazi yao ni kutopaharibu. Mgeni naye, alisema, hatoki mbali kuja kutazama maegesho.

Siku moja walinipa kidude changu. Nilibofya mpaka kidole kikaniuma. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa jiografia nzuri, na kwa miaka thelathini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali lolote la jiografia. Nililala nikiwa na furaha ya mwanafunzi.

Sasa niseme habari za kibaraza.

Nilipanga chumba Ruwais na Mkenya mwenzangu aliyelinda jengo. Ruwais ni mtaa wa zamani karibu na bahari, vichochoro vyake vyembamba. Katika kichochoro kimoja Mwafghani mmoja alikuwa na tanuri la mkate wa tamisi, ule mpana kama sinia. Mbele ya tanuri kulikuwa na mabaki ya ukuta wa nyumba iliyoanguka, mfupi, unaofika magotini. Sisi tuliuita kibaraza.

Mkate wa tamisi haufai ukipoa, na kila madam wa Ruwais alitaka wa moto. Kwa hiyo kila alasiri wasichana wa kazi walitumwa kuusubiri. Foleni ya mkate ndiyo ilikuwa ruhusa yao. Hakuna aliyeweza kuwauliza mbona umechelewa, maana tanuri halina haraka. Dakika ishirini, wakati mwingine nusu saa, walikaa kwenye kibaraza kile: Wakenya, Waganda, Wahabeshi, kila mmoja na kitambaa chake cha mkate magotini. Walitaniana, wakapeana dawa za kichwa, wakaulizana ya nyumbani. Halafu jina la nyumba likaitwa, halas, imekwisha, mtu akaondoka.

Mmoja wao alikuwa dada wa Taveta, jirani zetu kabisa. Aliniita mjomba. Madam wake alikuwa amemnyang'anya simu tangu siku aliyofika, na nyumbani alikuwa ameacha binti wa miaka sita kwa bibi yake. Niliposikia hivyo nilikwenda Sharafiya, kule kwenye maduka ya simu, nikanunua simu ndogo na laini, nikaiweka kwenye dashibodi ya gari. Kila alasiri niliegesha karibu na kibaraza nikateremsha kioo kidogo. Aliichukua simu ile ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akaenda kukaa mwisho wa ukuta akiupa mtaa mgongo, akazungumza na mtoto dakika kumi. Kisha gazeti likarudi dirishani. Mtoto alijua saa ile. Bibi yake alisema hakubali kwenda kuoga kabla simu haijalia.

Bosi nilimwambia saa hiyo huwa naosha gari.

"Mjomba," dada yule aliwahi kunisuta mbele ya wenzake, "kwa jinsi unavyoliosha kila siku, hilo gari lingekuwa limeshabaki kioo kitupu."

Walicheka mpaka Mwafghani akachungulia.

Basi timu ya bosi ikafika Ruwais. Walikuwa wanachora njia ya wageni, kutoka mji wa kale hadi baharini kwa miguu, na walihitaji mahali pa mabasi kushushia watu. Walipita kichochoro chetu saa tano asubuhi. Palikuwa na paka mmoja. Usiku bosi alifungua ramani juu ya boneti ya gari, akaweka kidole mahali pa tanuri. Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na furaha, maana aliniuliza kama mtu anavyomuuliza mwenzake.

"Ami, wewe unakaa huku. Baada ya alasiri, nani hukaa hapa?"

"Mafi, baba," nikasema. "Mafi mtu."

Lilitoka kabla sijafikiri. Sisi tuliokuwa tunafanya kazi kule tulijifunza neno hilo kabla ya salamu. Bosi akiuliza kitu, jibu ni hakuna: hakuna tatizo, hakuna mtu, sijui, sikuona. Ni kinga. Nilijiambia nawalinda wale dada, kwamba madam zao wakijua kuna kijiwe cha wajakazi wataanza kununua mkate wa dukani. Hayo yalikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba niliogopa kuulizwa gari lake huwa linafanya nini pale alasiri. Nilijilinda mimi.

Aliandika sifuri. Nilimwona akiandika, kwa ile penseli.

Baada ya wiki mbili nilitumwa ofisini kwake kuchukua michoro. Ilikuwa mizuri ajabu. Miti, taa, mabenchi, watalii waliochorwa na kofia zao. Nilikuwa nikipenda michoro ile kuliko mtu yeyote mle ndani, nadhani. Niliitafuta Ruwais kwa kidole kama mtu anayetafuta nyumba ya mama yake. Pale penye tanuri na kibaraza palikuwa na mabasi matatu, yamepangwa mshazari.

Kesho yake kibaraza kilikuwa na alama ya rangi nyekundu. Dada wa Taveta aliniuliza ni nini, akishika gazeti lake. Nikamwambia labda wanakarabati. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulinitoka kwa shida zaidi ya ule wa kwanza.

"Usinifiche, mjomba," alisema. "Tanuri likiondoka, mimi simu nitaipigia wapi? Chooni?"

Nilikaa garini nikimsikiliza akimfundisha binti yake kuhesabu kwa makumi, nikajua nitafanya nini, na nikajua gharama yake.

Nilimwambia bosi siku ileile, tukiwa tumesimama kwenye taa nyekundu. Nilimwambia yote: kibaraza, mkate, simu ya dashibodini, uongo wa kuosha gari. Taa ikawa kijani, wakapiga honi nyuma yetu, sikuondoka.

Bosi akauliza swali moja.

"Ni wangapi?"

"Twende alasiri utawaona."

Tulikwenda. Nikaegesha mahali pangu. Kibaraza kilikuwa kimejaa kama ndege kwenye waya. Bosi akafungua mlango, akatoka na kanzu yake nyeupe, na hapo nikaona ujinga wangu wa tatu. Walipomwona Msaudi anatoka kwenye gari langu, waliinuka wote kwa mara moja. Hakuna aliyekimbia, walitawanyika tu, huyu huku yule kule, na kabla sijafunga mlango palikuwa patupu. Yule Mwafghani alibaki na mikate sita ya moto, anaita majina ya nyumba na hakuna anayejibu.

Alibaki mmoja. Alikuwa kwenye ncha ya ukuta, ametupa mgongo, gazeti sikioni. Nilikuwa nimempa simu kupitia dirisha langu mara nilipoegesha, bosi akiwa bado ndani nyuma ya vioo vyeusi, na hakuwa amesikia mlango. Au alisikia, akaamua. Sikuwahi kumuuliza.

Bosi hakumsogelea. Alichuchumaa kwenye ule upande ulioachwa wazi akapitisha kiganja juu ya ukuta. Mawe ya matumbawe hukwaruza kama msasa, lakini pale juu yalikuwa yamelainika, yanang'aa kama kizingiti cha msikiti wa kale. Akaniita nami niguse. Alisema mawe hayalainiki hivyo kwa mwaka mmoja wala miwili, kwamba watu wamekaa pale kabla yetu sote, labda tangu nyumba yenyewe ilipoanguka. Sauti yake ilikuwa na msisimko, nami, Mungu anisamehe, nilisisimka naye nikasahau aibu.

Akatoa penseli. "Naandika mmoja," alisema. "Wengine utanisaidia."

Hakunifukuza. Aliniondolea mapumziko ya Ijumaa mwezi mzima, na nilistahili. Lakini wiki ile alimtuma msichana mmoja wa timu yake, Msaudi, avae abaya ya kawaida aje kununua mkate kila alasiri. Siku ya kwanza walimkwepa. Siku ya tatu dada wa Uganda alimwonyesha jinsi ya kukunja tamisi usipasuke. Siku ya sita alikuwa anacheka nao. Alipeleka hesabu yake, na mchoro mpya ulipotoka, mabasi yalikuwa yamehamishiwa kwenye uwanja wa vifusi nyuma ya barabara kubwa. Juu ya kibaraza walichora kivuli cha turubai. Chini yake walichora watu wawili wameketi, na mmoja alikuwa na kitambaa cha mkate magotini.

Sijui mchoro ule ulifikia wapi. Niliondoka kabla haujajengwa, na nasikia mitaa mingi ya Jeddah haitambuliki siku hizi. Alama nyekundu ndiyo niliyoishuhudia ikifutwa, kwa msasa na maji, na Mwafghani mwenyewe.

Alasiri ile dada wa Taveta alichukua gazeti lake bila salamu. Alikuwa amesikia yote kutoka kwa yule msichana wa kuhesabu, hata sifuri yangu. Alikaa ncha ya ukuta akazungumza dakika zake kumi, nami nikatazama usukani. Kisha akaja dirishani, akanipa simu ikiwa bado iko hewani.

"Msalimie," aliniambia.

Nikaiweka sikioni. Kulikuwa na kuku anayelia, na pumzi ya mtoto.

"Wewe ndiye yule mjomba aliyesema mama hayupo?" mtoto akauliza.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Basi yupo," akasema. "Nimeongea naye sasa hivi."