Mifupa Iliyokulia Muhogo

Naitwa Somoe. Wengi wenu mnaokuja hapa uwanjani na viatu vya magurudumu mnanijua kwa sura tu. Mnaniamkia, mnapita. Leo mmeniomba niwaeleze mkono huu ulivyopinda, kabla hawa wageni hawajanunua viatu vyao vya kwanza. Nitaeleza yote, na aliyenifanyia nitamtaja. Aliitwa Mbaraka. Sioni sababu ya kumsitiri.

Nilikuwa binti mzima wa viungo. Tulikaa mtaa wa Rahaleo, mama na mimi, baba alishatangulia mbele ya haki. Shamba letu la korosho lilikuwa upande wa Msimbati, huko Mto Ruvuma unakoingia baharini, na msimu ukifika tulihamia huko. Nilipanda mikorosho, nilitwanga, nilisuka ukili hadi vidole vikawa na sugu. Nilikuwa na mchumba pia, kijana wa Mikindani, na siku ya kuolewa ilikuwa inazungumzwa.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sikukuu ya taifa ikikaribia, vijana tuliitwa kufanya mazoezi ya halaiki. Mwaka ule pakatokea jambo geni. Wataalamu wa kigeni waliokuwa wakifanya kazi bandarini waliondoka na familia zao, wakawaachia vijana wa mji sanduku kubwa la viatu vya magurudumu. Havikuwa vya mstari mmoja kama vyenu. Vilikuwa na magurudumu mawili mbele, mawili nyuma, na kipande cha mpira kwenye ncha cha kufungia breki. Ndani ya sanduku zilikuwamo pia kofia ngumu na kinga za magoti, za viwiko na za vifundo vya mikono. Mimi na rafiki yangu Fatu tulikuwapo likifunguliwa. Tuliziona kwa macho yetu.

Sanduku alikabidhiwa Mbaraka, mwalimu wetu wa halaiki. Siku ya kugawa viatu, kinga hazikuwapo. Viatu vizuri navyo havikuwapo. Vilivyobaki vilikuwa vimechakaa, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Mimi nilipewa jozi iliyonizidi mguu, nikajaza matambara kwenye ncha.

"Ndugu Mbaraka," nikamwuliza, "zile kofia na kinga ziko wapi?"

Akacheka mbele ya wenzangu. "Zile ni za Wazungu, mifupa yao laini. Ninyi mmekulia muhogo. Mfupa uliokulia muhogo hauvunjiki."

Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka.

Tulifanya mazoezi ndani ya ghala la korosho, kwa kuwa sakafu yake ilikuwa saruji laini. Mbele ya mlango palikuwa na mteremko, malori yanapopakia mizigo. Baada ya wiki kadhaa nilikuwa nateleza vizuri kuliko wote, lakini kiatu cha kulia kilikuwa na kasoro. Gurudumu moja la mbele lilikuwa linacheza. Nati yake ilikuwa imeliwa, ukiikaza leo kesho imelegea. Nilimwonyesha Mbaraka. Akakigeuza kiatu, akakitazama, akalizungusha lile gurudumu kwa kidole. Aliona. Kisha akanirudishia.

"Linacheza kwa sababu unaogopa," akasema.

Viongozi walipokuja kukagua mazoezi, alitaka kuwafurahisha. Akaniamuru niongoze mstari kushuka ule mteremko. Nikamwambia, "Gurudumu halijatengenezwa." Akanijibu kwa sauti ya chini, huku akiwatabasamia wageni, "Shuka, au nitawaambia umekataa kazi ya taifa."

Nikashuka. Katikati ya mteremko gurudumu likang'oka. Kiatu kikasimama, mimi nikaendelea. Niliutanguliza mkono wa kulia, kama kila mtu anavyofanya akianguka. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Kidevu kikapiga saruji, meno mawili ya chini yakatoka. Nilipotazama mkono, mfupa ulikuwa umetoboa ngozi karibu na kifundo, mweupe, na damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Sikulia. Nilikuwa nauangalia kama mkono wa mtu mwingine. Fatu ndiye aliyelia.

Hospitalini daktari alinisafisha, akaurudisha mfupa, akanishona kidevu, akafunga plasta hadi juu ya kiwiko, akaacha kidirisha penye jeraha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuliza, "Ulikuwa umevaa nini mkononi?"

"Sikuvaa kitu."

"Ungekuwa na kinga ya kifundo, pengine ungejipangusa vumbi ukaenda zako nyumbani."

Maneno hayo yaliniingia kuliko sindano.

Halafu homa ikaanza. Chini ya plasta mkono ulichoma, ukawasha, kisha ukanuka. Usaha wa rangi ya kijani ulitoka kwenye jeraha ukalowesha shuka. Vidole vilivimba, vikang'aa, kucha zikawa nyeusi. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifunika pua kwa khanga. Daktari aliikata plasta, akanusa, akamwita mama pembeni, lakini nilisikia. "Tukishindwa kuizuia hii, mama, mkono hatutaweza kuuacha."

Mama akarudi, akakaa kitandani. "Kula," akaniambia. "Mtu asiyekula hana cha kupigana nacho." Akanilisha uji kijiko kwa kijiko, nikitapika ananilisha tena.

Katika siku hizo mbaya Mbaraka alikuja. Nilidhani amekuja kunipa pole. Alingoja mama atoke kwenda kuchota maji, akainama karibu na sikio langu. "Viongozi wananiuliza. Sema ulivichukua vile viatu bila ruhusa. Ukisema hivyo, nitakutafutia kazi nzuri ukipona."

Nilitikisa kichwa kukataa. Naye akaenda akayasema mwenyewe kwenye mkutano wa vijana, kwamba Somoe ni binti wa kujishaua, aliiba viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vizima. Maneno yakafika Mikindani. Wazazi wa mchumba wangu wakatuma watu kwa mama. Walisema mtoto wao hawezi kuoa mwizi mwenye mkono mmoja, asiyeweza kutwanga wala kusuka ukili. Mama aliwakaribisha vizuri, akawasindikiza hadi barabarani, kisha akaja hospitalini na uji wangu.

Siku hiyo nilikata shauri kupona. Wengine huponeshwa na matumaini. Mimi sitawadanganya. Mimi niliponeshwa na hasira.

Dawa zikashika, usaha ukakauka, mkono ukabaki. Lakini ulikuwa umepinda, na vidole vilikuwa vigumu kama vya maiti. Daktari akaniambia nifinye ndimu, kila nikipata nafasi, hata nikiumia. Nilifinya. Machozi yalinitoka, maji ya ndimu yakaingia kwenye michubuko, nikafinya. Kila nilipofinya niliona shingo ya Mbaraka.

Fatu akaniletea habari. Kinga zetu zilikuwa Ufukoni, nyumbani kwa Mbaraka. Wadogo zake walikuwa wakitelezea barazani na zile kofia ngumu vichwani, na viatu vizuri miguuni.

"Twende tukamshitaki," akasema Fatu.

"Bado," nikamwambia. "Kwanza nifundishe kusimama tena."

Alinipa viatu vyake, vilivyonikaa sawasawa. Nilishona kinga zangu mwenyewe: mpira wa ndani wa gurudumu la gari, katikati nimejaza sufi, na kwenye vifundo vya mikono nikaweka vijiti vya mwanzi vya kuzuia mkono usikunjike. Nilianza kwenye nyasi. Nilijifunza kuanguka kabla ya kujifunza kwenda: piga magoti, kisha viwiko, kunja ngumi, inua kidevu. Mama alikaa pembeni akipura kunde, akajifanya hatazami.

Sikukuu ilipofika mwaka uliofuata, kabla ya halaiki, mgeni rasmi alipelekwa ghalani kutuona. Niliomba ruhusa ya kusema. Nilivaa kinga zangu zote, na mkononi nilishika kile kiatu cha kulia. Mama alikuwa amekiokota siku ya ajali alipokuja mbio ghalani, akakihifadhi pamoja na gurudumu na nati kwenye mfuko wa ukili.

"Ndugu mgeni rasmi," nikasema, "Ndugu Mbaraka alitangaza kwamba mimi ni mwizi na kwamba kiatu hiki ni kizima. Alisema pia mifupa iliyokulia muhogo haivunjiki. Yeye naye amekulia muhogo. Namwomba akivae, ashuke mteremko ule."

Nililirudisha gurudumu mbele yao, nikakaza nati kwa vidole vya mkono huu uliopinda, nikamnyooshea kiatu.

Mgeni rasmi akamtazama. "Haya, ndugu. Kama ni kizima, vaa."

Mbaraka akakaa, akavaa, akafunga kamba. Akasimama mlangoni. Nataka niseme ukweli: nilitaka ashuke. Nilitaka niusikie ule mlio. Alitazama mteremko, kisha akakaa akaanza kufungua kamba.

"Kibovu," akasema.

"Ulijua?" mgeni akamwuliza.

"Nilijua."

Wadogo zake wakaleta vitu vyote adhuhuri ile ile. Yeye aliondolewa kwenye halaiki, na popote alipopita mtaani Chikongola, watu walimwuliza kama leo amekula muhogo. Akahama mji.

Ninyi mnaoanza, nisikilizeni. Usinunue kiatu kikubwa kwa tamaa ya kukitumia miaka mingi. Kikubane kisigino, vidole vigusie ncha bila kukunjika, na kifundo cha mguu kisilale upande. Zungusha kila gurudumu kwa kidole kabla ya kuvaa. Likicheza, usivae. Jaribu breki ukiwa tambarare. Kofia isisogee ukitikisa kichwa. Kama fedha haitoshi vyote, nunua kwanza kofia na kinga za mikono, viatu uazime. Namshukuru Mungu, na yule daktari, na Fatu, na mama aliyenilisha nikitapika.

Mbaraka alinirudia akiwa mzee, fimbo mkononi. Alikuwa anakwenda Hija, anazunguka kuomba radhi. Alikaa kwenye mkeka wangu akasema, "Somoe, nisamehe." Nilimmiminia kahawa. Nikamwuliza habari za wajukuu, akajibu. Nikamwuliza habari za mvua, akajibu. Alingoja mpaka kikombe kikapoa. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikamtakia safari njema, na neno lile alilolifuata sikumpa.