Kiwanda cha Harusi

Ujumbe wa sauti wa mdogo wangu uliingia kwenye simu asubuhi, nikiwa Mombasa, nimesimama kwenye foleni ya viazi karai. Alikuwa anatweta. Serikali ya kaunti, alisema, imetenga pesa za kuhifadhi mtaa wetu wa zamani, na kiwanda chetu kimo. Warithi wake wamekubali kuuza. Jumamosi wananchi wanaitwa kutoa maoni. "Usipokuya," akamalizia, "usinitayie kiwanda tena maisha yako." Nilitoka kwenye ile foleni bila kununua kitu. Wewe unayenijua unajua kwamba mimi viazi siviachi ovyo.

Kama hukukulia Lamu, usidhani kiwanda ni mahali pa mashine. Nyumba ya mawe ikianguka na wenyewe wasiijenge tena, kifusi huchukuliwa kidogo kidogo, mvua husawazisha kilichobaki, na mtaa hujikuta una uwanja katikati ya kuta. Huo ndio kiwanda. Chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi, na kila harusi ya mtaa ilipikwa na kuchezwa pale. Wanaume waliazima matanga ya mashua wakayatundika pande zilizo wazi ili wanawake wajisitiri, halafu wakafukuzwa. Kuanzia hapo kiwanda kilikuwa mali yetu.

Laiti ungeyaona masufuria yale! Mtoto mzima angeweza kuoga ndani, na mimi niliwahi kuogeshwa ndani ya moja, baada ya kuanguka kwenye majivu nikiwa na gauni la sikukuu. Sisi wasichana wadogo tulipewa mchele wa kupepeta na kuchagua mawe. Wakubwa walikuna nazi wamekaa juu ya mbuzi, magoti nje, midomo haifungi. Vitunguu vilipoingia kwenye samli, harufu iliruka kuta, na punda waliokuwa wakipita na mchanga walisimama wakagoma kwenda. Sisemi uongo. Mwenye punda alilaani, wanawake wakamjibu kutoka nyuma ya tanga kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sisi watoto tuliyahifadhi vizuri kuliko tulivyohifadhi hesabu za mwalimu.

Aliyetawala pale alikuwa jirani yetu. Nyumba aliyokuwa amepanga ilikuwa ng'ambo ya uchochoro, na juu ya uchochoro palikuwa na wikio, kile chumba kinachoziunganisha nyumba mbili juu ya vichwa vya wapita njia. Kwa hiyo hatukujua vizuri nyumba ya bibi inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi. Bakuli la mchuzi lilivuka, mkate wa mofa ukarudi. Mtoto aliyechapwa upande huu alikwenda kulia upande ule. Jirani alikuwa na sauti nene na mkono mzito wa pilipili, na hakuna bwana harusi aliyekula chakula chake bila kutokwa na machozi. Alisema ni machozi ya furaha.

Na kuna jambo moja lazima nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kilichotokea Jumamosi. Kwetu, binti akiolewa haendi kwa watu. Mume ndiye anayekuja. Baba mwenye uwezo alimwongezea bintiye ghorofa juu ya nyumba, au akamjengea nyumba ya pili na kuiunganisha kwa wikio, na ndiyo sababu mtaa wa zamani umepanda na kusukumana namna ile. Bibi alikuwa akinichokoza, "Soma, mjukuu wangu, upate nyumba, usiye ukaolewa mlangoni." Mimi nilicheka. Sikumwona mtu yeyote aliyekosa nyumba, na nilidhani nyumba huota.

Bibi alipofariki, wajomba waligawana urithi, na nyumba ya mawe haigawanyiki kama muwa. Iliuzwa. Aliyeinunua huja mara moja kwa mwaka, akafungua madirisha, akafunga, akaondoka. Mwenye nyumba aliyopanga jirani naye akaona bei zinavyopanda, akauza. Familia zikahamia Wiyoni, kwenye vibanda vya mabati nje ya mji wa zamani, moja baada ya nyingine, mdogo wangu akiwemo. Mimi, kinyume na desturi yetu, nilikuwa nimeshaolewa Mombasa, kwa hiyo niliyasikia yote kwenye simu na kusikitika kwa mbali, tena kwa raha, nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Ijumaa jioni nilivuka kwa boti kutoka Mokowe nikiwa na hotuba kichwani. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, mpaka mama mmoja niliyekaa naye kwenye basi akaniuliza kama ninagombea. Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Mdogo wangu alinipikia samaki wa kupaka, akaniambia nipunguze maneno, nikamwambia ale samaki wake.

Mkutano ulikuwa kwenye ua wa shule, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Afisa wa kaunti, kijana mpole wa kutoka bara, alitandika ramani juu ya meza akaeleza bila kuzunguka. "Wazazi wetu, pesa ni ya kufanya kitu moja mwaka huu. Tukinunua hiyo kiwanda, tunaweza kuiacha wazi, tuweke miti na viti, watoto wacheze. Ama tujenge hapo nyumba za kupanga, za bei ya chini, kwa wale walitoka mtaa huo. Zote mbili hatuwezi. Mkisema leo, ndiyo tutapeleka bunge la kaunti."

Niliinuka kabla hajakaa. Rafiki yangu, niliongea! Niliyaleta masufuria, nikayaleta matanga, nikawaleta punda waliogoma. Watu walicheka, wakapiga makofi. Akina mama wa nyuma walipiga vigelegele nilipofika kwenye machozi ya mabwana harusi. Niliwaambia kaburi la mtaa ni siku utakapokosa mahali pa kuchezea harusi. Nilikaa chini nikiwa na jasho na ushindi, na afisa alikuwa tayari ameelekea kwenye upande wa miti na viti.

Hapo ndipo jirani aliposimama. Sikuwa nimemwona. Mwili umepungua, sauti haijapungua hata kidogo.

"Mwanangu," alisema, na alikuwa ananitazama mimi tu, "maneno yako matamu, na yote ni kweli, kwani kiwanda kile kimenilea na mimi. Lakini nambia. Hao wana wa kuteza hapo yeo ni wana wa nani? Wangu wako Wiyoni. Wa mdogo wako wako Wiyoni. Na huyu mwanangu wa mwisho meposwa zamani, harusi twaiahirisha kila mwaka, kwani nyumba hana. Mume akuye wapi? Tini ya mabati, chumba kimoya, alale na mimi mkwewe? Wataka tuwate wazi mahali pa harusi, na bibi harusi hana mahali pa kukaa."

Hakuna aliyecheka. Binti mwenyewe alikuwa pembeni yake, ameinamisha uso ndani ya mtandio. Nilimkumbuka mtoto mchanga aliyekuwa akilazwa juu ya gunia la mchele wakati sisi tunapepeta, na sasa ni mtu mzima anayengoja chumba. Moyo uliniuma, na pia niliona haya. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kuja kuutetea utoto wangu dhidi ya watoto wa wenzangu.

Afisa aliuliza nani anataka pabaki wazi. Mikono michache iliinuka, na mdogo wangu alinitazama. Akauliza nani anataka nyumba. Niliinua mkono wangu juu kabisa, mpaka bega likalia. Kisha ua mzima ukainuka, na vigelegele safari hii havikuwa vyangu.

Bajeti ilipita. Nisikufiche, nililia siku niliposikia, na sikuweza kumweleza mume wangu ni kilio cha namna gani. Ile sehemu imekwisha. Mwanangu hatapepeta mchele pale, wala hatajifunza matusi nyuma ya tanga. Harusi nyingi siku hizi hukodiwa ukumbi, chakula huletwa kimefungwa, na wanawake hukaa kwenye viti vya plastiki kwa mistari, kila mmoja na simu yake. Nyumba zitakapokwisha hakuna atakayejua kwamba pale palikuwa na anga. Nimelikubali hilo, lakini nimelikubali kwa shida, na nikipita mahali popote panapokaangwa kitunguu kwa samli bado husimama.

Juzi mpimaji alikuja kupigilia vigingi na kufunga kamba za kuonyesha vyumba, nami nikafunga safari tena, maana nilitaka kupaona mara ya mwisho pakiwa wazi. Kaunti ilikuwa imekwisha kuwaonyesha wapangaji wa kwanza sehemu zao. Niliingia peke yangu, nikaenda moja kwa moja mpaka katikati ya magugu, nikafumba macho, nikavuta pumzi. Nilitaka kusikia kitu. Nyuma yangu nikasikia viatu, halafu sauti nene.

"Songea hapo, mwanangu. Umesimama kitandani kwa bibi harusi."

Nikafumbua macho. Kweli, kamba zilikuwa zimenizunguka pande zote, isipokuwa pengo lililoachwa la mlango. Niliomba radhi, nikatoka kwa kupitia mlangoni.