Ukoo wa Kompyuta Nyeupe

Abti wangu alikuwa dalali wa ngamia kabla hajawa muuza kompyuta, na mpaka leo sijui ni siku gani hasa aliacha kazi ya kwanza akaingia ya pili. Abti kwetu Wasomali ni mjomba, kaka ya mama, naye mjomba humwita mpwa wake jina hilohilo. Basi dukani tulikuwa tukiitana abti kutwa nzima, mteja asiye wa kwetu akabaki kushangaa nani ni mkubwa wa nani. Duka lilikuwa Garissa, nyuma ya msikiti, chumba kimoja chenye feni iliyohamisha vumbi kutoka kona hii hadi ile. Nilikuwa msichana aliyemaliza sekondari, nimekaa nyumbani nikimfokea kila mtu, mama akaniambia nenda ukamsumbue kaka yangu. Nikaenda. Ile ndiyo miaka niliyoipenda kuliko yote, na nayasema haya kwa sababu baadaye sauti ya mzee huyo ilikwama ndani ya mojawapo ya kompyuta zake, nami ndiye niliyetakiwa kuitoa.

Kompyuta zenyewe zilitoka Dadaab. Shirika moja la misaada lilikuwa likifunga ofisi na kuuza vitu vyake: viti, matangi ya maji, majenereta, na kompyuta kumi na mbili nyeupe, kila moja na tunda lililong'atwa mgongoni. Wafanyabiashara wenzake waligombania majenereta. Abti alimwendea fundi wa shirika, mtu wa bara, akamuuliza swali moja tu, lile alilouliza kuhusu mchele, dawa ya kikohozi na wachumba wa binti za watu: asili yake ni nini?

Fundi yule, Mungu ambariki, alikuwa mtu wa kupenda maneno. Akamweleza kwamba mfumo unaoendesha mashine hizo haukuzaliwa jana. Babu yake alizaliwa Amerika, katika maabara ya kampuni ya simu, zamani wakati kompyuta moja ilijaza chumba. Mtoto wa babu huyo akaenda chuo kikuu, akalelewa na wanafunzi. Wakati huohuo, mmoja wa walioanzisha kampuni ya lile tunda la mgongoni alisukumwa nje ya kampuni yake mwenyewe. Akaenda kando akaunda kompyuta nyingine, nzuri mno, ambayo watu hawakuinunua, lakini mfumo wake aliujenga juu ya mgongo wa mtoto yule wa chuo kikuu. Miaka ikapita, kampuni ya tunda ikaanza kuzama. Ikatafuta mfumo mpya, ikaupata kwa yuleyule iliyemsukuma nje. Ikamnunua yeye na mfumo wake pamoja, naye akarudi nyumbani akaishika kampuni.

Abti alifunga safari ya kurudi Garissa na kompyuta zote kumi na mbili. Njia nzima, alinisimulia dereva wake, alikuwa akisema peke yake: alifukuzwa, akarudi na mifugo yake.

Tangu siku hiyo hakuuza kompyuta bila kuihesabia ukoo. Kwetu ngamia hauzwi kwa ukubwa wake tu. Dalali mzuri atakutajia mama yake na bibi yake, na walitoa maziwa kiasi gani mwaka wa ukame. Namkumbuka mwalimu mmoja wa sekondari, mgeni kutoka magharibi ya nchi, aliyeingia akitaka kitu cha kuchapia mitihani.

"Mwalimu, bunda unaangalia meno," abti alimwambia kwa Kiswahili chake, ambacho kila p hugeuka b. "Lakini ngamia unauliza mama yake. Hii combuta ni ngamia. Babu yake nazaliwa kwa kambuni ya simu. Baba yake nasoma chuo kikuu. Hii ni mtoto ya watu."

"Sawa mzee, lakini itaandika mtihani?"

"Mtihani? Walahi, hii nasahihisha mwalimu mwenyewe."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani, akanunua. Nami nilikuwa nimeinama chini ya meza nikijifanya natafuta waya, maana kicheko kilikuwa kimenishinda.

Hatukuacha kubishana, mimi na yeye, juu ya tabia ya kampuni ile. Kampuni nyingine huuza mfumo wake kwa kila anayeunda sanduku. Hii huunda sanduku na mfumo wote wawili, na mfumo haimpi mtu. Zamani iliwahi kuwaruhusu wengine wautumie, ikakaribia kufa, na yule aliyerudi akaifunga njia hiyo mara moja. Mimi nikasema huo ni uchoyo. Abti akasema, "Ukiwa na dume zuri la mbegu, abti, ukimwachia kila jirani, mwaka wa pili watoto wako na watoto wa jirani ni sawa. Utauza nini?" Kisha akanikumbusha desturi yetu ya kumpa ndugu aliyeishiwa ngamia wa kukama: maziwa ni yako, ndama na alama ya moto ni vya mwenyewe. Aliona kampuni ya tunda inafanya vilevile. Unalipa, unabeba, unakama, lakini alama ni yake.

Na alama ndiyo iliyotuponza. Kila kompyuta ilitaka kuandikishwa kwa akaunti ya mwenyewe, na neno la siri. Abti akaziandikisha zote kumi na mbili kwa akaunti moja, yake, na neno moja la siri. Nilimwambia si hivyo inavyofanywa. Akanitazama kama niliyetukana. Mifugo iliyotoka boma moja ina alama moja. Ikipotea Lafey au Banissa, kule mbali mpakani, atakayeiona ajue pa kuirudisha. Wateja nao waliona ni jambo la heshima. Hakuna aliyeuliza.

Ilichukua miezi michache. Mama mmoja wa mjini alimwoza binti yake, na picha za usiku wa wanawake, hina mikononi na nywele wazi, akazihifadhi kwenye kompyuta yake. Asubuhi yake, kwa kuwa akaunti ilikuwa moja, picha hizohizo zilikuwa zimejipanga kwenye kompyuta ya ustadhi wa madrasa, ambaye alikuwa amenunua yake kwetu pia. Ustadhi, kwa haki yake, aliifunga haraka akaifunika kitambaa. Mama wa bi harusi hakufunika kitu. Alisimama mlangoni pa duka akatusomea mimi na abti mpaka wauza maji wakasimamisha punda wao kusikiliza.

Abti aliona aibu kubwa. Alizima mambo yote ya kupelekeana picha, akabadilisha neno la siri, akaapa kwamba safari hii halitamtoka mdomoni. Halikumtoka. Hata mimi hakuniambia, na wateja walipotaka kurekebisha jambo, alikwenda mwenyewe, akawageuzia mgongo, akaandika.

Kabla sijaenda Nairobi kusoma, watoto wake wawili walio ng'ambo walimwomba awarekodie ukoo. Kwetu mtoto hujifunza kuwahesabu babu zake, baba wa baba wa baba, hadi yule wa mwanzo kabisa. Wajukuu wa kule walikuwa wanakua bila kujua hata watano. Akaketi mbele ya kompyuta yake mwenyewe, moja ya zile nyeupe, alasiri moja, akahesabu. Mimi nilikuwa hapo nikipanga nyaya. Sikujali sana. Mtoto huhesabiwa kwa baba yake, na babu zake abti hawakuwa babu zangu, ingawa mama alikuwa akiwahesabu nyumbani tangu utoto wangu. Alisema atawapelekea mtandao ukitulia.

Nilikaa Nairobi miaka miwili. Niliporudi, nilimkuta abti ameketi dukani, akaniitikia salamu vizuri, akaniuliza natafuta kompyuta ya aina gani. Nilidhani ni mzaha wake. Mama alinivuta nje akaniambia haikuwa mzaha, na kwamba kusahau kwake kulikuwa kumeanza muda, ila hawakutaka kuniharibia masomo. Nilimkasirikia mama siku tatu. Najua sasa kwamba sikuwa nimemkasirikia yeye.

Neno la siri lilikuwa limepotea pamoja na mengine. Rekodi haikuwahi kutumwa. Watoto wake walipiga simu kila Ijumaa kuuliza, na ukimwambia abti awahesabu babu zake, alifika wa nne au wa tano akaanza kuzungumzia mvua. Nilipeleka kompyuta kwa fundi mmoja Nairobi. Akasema itafunguka, ila lazima kila kilichomo kifutwe. Nikaandikia kampuni yenyewe. Wakataka karatasi ya ununuzi, na shirika la Dadaab lilikuwa limeshaondoka na karatasi zake. Tena mashine za aina hiyo, walisema, wameshaacha kuzihudumia. Wamebadilisha moyo wa kompyuta zao na za zamani zimebaki nyuma. Nilitukana kwa Kisomali, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza cha chuo.

Kilichonisaidia ni kilekile kilichomfanya abti azinunue kompyuta zile: ukoo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa mfumo mwingine, wa bure, usio na kampuni, unaofuata nyayo za babu yuleyule wa kampuni ya simu. Ulikuwa ni skrini nyeusi na maneno mafupi ya kuandika. Asubuhi moja nikaiwasha ile nyeupe huku nimebana vitufe viwili, nikiwa sina tumaini. Uso mzuri haukutokea. Ilitokea skrini nyeusi, isiyouliza neno la siri. Nikaandika neno la kwanza nililofundishwa, la kuorodhesha vilivyomo, na mashine ikanijibu. Ilikuwa lugha ileile. Nikaenda polepole, folda kwa folda, nikaipata rekodi, nikainakili kwenye flashi.

Nikamwita abti aje aketi. Mama akaleta chai ya maziwa ya ngamia. Nikaicheza.

Sauti yake ilitoka kavu na yenye majivuno, kama alivyokuwa. Akahesabu mmoja, wa pili, wa tatu, akapita wa kumi bila kuvuta pumzi. Halafu akakwama. Ikasikika feni tu. Kisha sauti ya msichana, kali, isiyo na subira, ikasema kutoka mbali, "Abti, umemruka mmoja," ikamtaja aliyerukwa, na waliomfuata wawili. Abti wa kwenye rekodi akacheka, akaendelea hadi mwisho.

Ilikuwa sauti yangu, nami sikuwa nakumbuka hata kidogo. Kumbe kusahau kulikuwa kumeshaanza siku ile, mbele ya macho yangu, nami nilikuwa napanga nyaya.

Abti aliweka kikombe chini. "Huyo msichana ni nani?"

Nikairudisha rekodi nyuma, sauti ile ikasema tena.

"Ni mkali," akasema, "lakini ameshika. Mtoto wa nani?"

Nikamtajia jina la mama yangu, dada yake. Akaitazama ile kompyuta.

"Basi ni wetu," akasema. "Mwambieni aje, nimalizie kumfundisha."

Nikasogeza kiti karibu na goti lake, nikamwambia, "Nimekuja, abti."