Gari Lililogoma Uani Kwangu

Wifi yangu alikuwa na namna ya kufunga gari iliyonikera kuliko gari lenyewe. Akishuka, haangalii nyuma. Anatembea zake, mkoba begani, kisha ananyanyua rimoti juu ya bega bila kugeuka, anabonyeza, na huko nyuma gari linaitika twi-twi na kupepesa taa. Mimi nimeishi na ng'ombe tangu nizaliwe, na hakuna hata ndama mmoja aliyewahi kunisikia nilipomwita mara moja. Nilimwonea wivu, na sitatafuta jina lingine la kuupamba wivu huo.

Gari alilinunua mume wake, ambaye ni mdogo wangu, tumeachiana ziwa. Enzi hizo za dhahabu kila mwenye nguvu alikuwa ametupa jembe akakimbilia machimboni. Yeye alikwenda upande wa Serengeti, akashinda chini ya ardhi na wenzake mpaka shimo lao likatema dhahabu. Akarudi kwetu Gorong'a, akajenga nyumba ya bati la rangi, akanunua gari dogo jeupe na kulifungia alamu mjini Tarime, maana pesa zilikuwa zimeingia na vibaka nao wameingia. Kisha ufunguo akampa mke wake. Hakumpa mama, wala hakuniuliza mimi.

Asiyetoka kwetu atauliza mimi naingiaje hapo. Kwetu, ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka anaoolea. Ng'ombe waliotoka kwa mume wangu, huku Nyanungu, hawakuzoea hata zizi la baba. Waliswagwa moja kwa moja kwenda kwa wazazi wa wifi. Kwa hiyo yule mwanamke ni ng'ombe wangu waliomleta, na ipo heshima ninayomdai: kunipikia nikijifungua, kunitafutia kuni nikiumwa, kusimama tukikutana njiani. Enzi za shida alinitendea hayo yote, tena vizuri. Lilipokuja gari, akawa ananipita barabarani kwa honi.

Siku ya kwanza walipokuja nalo kwangu ilikuwa masika. Wifi akashuka, akapiga hatua zake, akanyanyua rimoti begani. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona akigeuza shingo kulitazama gari lake kama watu wengine wote. Nilifurahi, jamani. Akarudi kulifunga kwa ufunguo, akaja kuketi na uso umemshuka.

Walikuwa wanapitia tu, ndivyo alivyosema mdogo wangu. Lakini kuondoka nako kukawa kazi. Alamu ile ilikuwa ya kujitega yenyewe, na rimoti haikusikika, kwa hiyo wifi alipofungua mlango kwa ufunguo kikalia king'ora kilichotawanya kuku wote, na injini ikakataa katakata kuwaka. Wakakaa mpaka majirani wakaja kulisukuma nje, wakatelemka nalo hadi karibu na kanisa. Pale rimoti ikafanya kazi bila matatizo.

Waliporudi mara ya pili mambo yakawa yale yale. Kwao liliwaka, sokoni liliwaka, kwa mama liliwaka. Kwangu tu ndiko lilikogoma. Siku hiyo alikuwepo baba yetu mdogo, mtu wa kuingilia kila jambo la ukoo. Alilizunguka gari, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Mura, kijana wangu, hebu nijibu. Huyu mke wako, ng'ombe zake zilitoka wapi?"

"Kwa dada."

"Na dada yako ameshapanda hii gari?"

"Bado."

"Sasa unataka iwake iwakie nini?"

Sikuamini hata kidogo kwamba moyo wangu una nguvu ya kuzima injini. Ungekuwa nayo, gari lile lisingetoka hata mjini Tarime. Lakini kama watu wazima wameamua kuniogopa, ni kazi yangu kuwakataza?

Basi wakaja na mbuzi na blanketi. Wifi yangu, na sketi yake ya kwaya, akapiga magoti kwenye udongo wa uani kwangu akaninyooshea blanketi kwa mikono miwili.

"Shikamoo wifi. Pokea hii. Kama kuna neno, litoke."

"Marahaba. Hakuna neno," nikamjibu, nikapokea, nikalikunjua na kulikunja tena taratibu ili aendelee kupiga magoti kidogo.

Wakajaribu gari. Halikuwaka. Baba mdogo akatikisa kichwa, akasema bado moyo wangu haujatulia. Mdogo wangu akavua viatu, akatangaza kwamba leo watashinda hapa hapa kwangu.

Ile ndiyo siku niliyokuwa naitaka, wala sikujua kama naitaka. Wifi aliingia jikoni kwangu kusonga ugali, nami nikamwachia moshi wote. Mdogo wangu akajilaza kwenye benchi nje, kichwa karibu na goti langu, akaanza kunisimulia habari za shimoni: jinsi mwamba unavyotoa sauti ndogo kabla haujaachia, jinsi alivyokuwa akitubu dhambi zote kila alipoteremka kwa kamba. Tulicheka, akalia kidogo, tukacheka tena. Nikamuuliza kama mke wake anayajua hayo. Akasema anayajua, humsimulia kila jioni.

Hapo ndipo wivu uliponichoma kweli. Gari ningeweza kulisamehe. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni yule mtoto, na ili nimsikie akiongea ilibidi gari liharibike, lakini mwingine alimsikia kila siku bila kuharibikiwa na chochote.

Safari iliyofuata wakaja na fundi wa alamu, mwanaume mnene aliyelalamikia barabara kabla hata hajasalimia. Hakuuliza habari za ng'ombe wa mtu. Alizunguka uani akibonyeza rimoti na kutega sikio, akasema hapa kuna kitu kinarusha mawimbi, na kadiri alivyosogelea zizi ndivyo rimoti ilivyozidi kufa. Kwenye nguzo ya lango la zizi akasimama.

Pale mume wangu alikuwa amefunga kitufe cha kengele isiyo na waya, aliyoinunua Sirari kwa ajili ya wezi wa mifugo: mwizi akisukuma lango, kengele inalia chumbani kwetu. Kitufe alikiunganisha na betri ya sola kisije kikaishiwa moto. Kengele ya chumbani ilishakufa zamani tukaisahau, lakini kitufe kiliingia maji ya mvua kikanasa, kikawa kinaita mchana na usiku bila kuitikiwa. Fundi akatueleza kwamba rimoti ya gari inaongea kwenye mawimbi hayo hayo, kwa hiyo gari haliwezi kuisikia, sawa na mtu anayekunong'oneza huku jirani yake anapuliza tarumbeta. Akachomoa waya mmoja. Wifi akabonyeza, na gari likaitika.

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. "Kumbe ni kengele ya ng'ombe! Na sisi tulikuletea mpaka mbuzi, wifi." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Waliondoka chai ikiwa bado jikoni.

Tangu hapo walikuja, lakini kukaa hawakukaa. Mdogo wangu aliketi pembeni ya kiti, akaniuliza hali, akatazama saa, na baba mdogo hakumuuliza tena mtu yeyote swali lolote. Wifi hakuingia tena jikoni kwangu. Nikavumilia mpaka mvua za vuli, kisha asubuhi moja nikaenda zizini nikausokota ule waya mahali pake kwa vidole vyangu mwenyewe. Mume wangu alinikuta pale akaniuliza natengeneza nini. Nikamwambia wezi wamerudi.

Jumapili hiyo nikachinja jogoo, nikafagia uani, nikatoa benchi nje. Gari lilipokuja, rimoti ilikuwa haina la kufanya, kwa sababu wifi hakushuka. Alilisimamisha nje ya lango, barabarani, akaacha injini inanguruma.

"Tusizime, wifi," alisema kupitia dirisha, akitabasamu kana kwamba fundi hakuwahi kuja. "Hii gari na kwako hawaelewani. Tumepita tu kukusalimia."

Nikazunguka upande wa pili. Mdogo wangu akateremsha kioo kidogo, akatoa mkono.

"Shikamoo dada."

Nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi kwa sababu ya kiyoyozi, na jua lilikuwa kali. Nikaitikia marahaba, naye akaurudisha ndani.