Mtori Ufukweni Nyumba ya Mungu

Mahema ya Neema wangu yamejaa wageni, jamani! Yote manne!

Haya, habari zenu.

Mnajua binti yangu amefungua kambi ufukweni, pale bwawa la Nyumba ya Mungu. Februari nililala kwake, joto mpaka nikalitoa godoro nje. Na sisi watu wa mlimani tunaamini huko tambarare hakuna baridi, basi mablanketi yote tukayarudisha nyumbani Kibosho.

Sasa ni Julai.

Leo asubuhi upepo wa bwawa unachapa mahema. Wageni wa Dar wakatoka wamejifunga mataulo kwa baridi, mizigo mkononi. Baba mmoja akasema, "Dada, sisi tunaenda kutafuta hoteli mjini."

Neema machozi yakamlengalenga. Wageni wake wa kwanza hao!

Lakini mimi siendi kwa mwanangu mikono mitupu. Ndizi na nyama nilikuja nazo, na sufuria ilikuwa jikoni tangu alfajiri.

Nikawaambia, "Kaeni hapo kwenye moto. Haondoki mtu na njaa."

Nikawapakulia mtori mzito. Vijiko tu vikalia!

Yule baba akamaliza bakuli la pili, akasema, "Dada, huyu mpishi wako usimwachie."

"Mpishi? Huyo ni mama yangu!"

Mizigo ikarudi kwenye mahema. Wanakaa mpaka Jumapili!

Mashemeji mliouliza nani atalala kwenye hema na vitanda vipo, nawaona mnasoma. Semeni sasa!

Njooni mjionee, kila mtu na blanketi lake. Jumamosi mchana, nyote.