Radio ya Mwalimu Jemima na Kifaransa cha Polepole

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo, bado umelala juu ya mabati, na Mwalimu Jemima Syauswa amechuchumaa nyuma ya darasa lake akipasha moto betri. Amezipanga nne kando ya jiko la makaa aliloazima kwa jirani, na anazigeuza kwa ncha za vidole kama mtu anayechoma mahindi. Zikipata joto zinafufuka kwa dakika kumi hivi. Leo dakika hizo anazihitaji kuliko siku nyingine yoyote.

Saa tatu anakuja inspekta. Asiporidhika, radio-kaseti ya darasa la tano itapakiwa kwenye lori na kupelekwa shule nyingine huko Beni.

"Miye hapana kulala," anasema, huku akifuta majivu mikononi. "Mais niko muzuri. Nikisikia batoto banakuja, woga inaisha."

Jemima ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Alimbongo, na kazi ya chaki ameifanya kwa miaka ishirini. Mshahara wa serikali alishausahau ulivyokuwa. Tangu vita vianze, wanaomlipa ni wazazi, kama dola kumi na mbili kwa mwezi, na asiye na pesa huleta maharagwe.

Darasani kwake wanabanana watoto sitini na mmoja. Kumi na saba kati yao wamekimbia mapigano upande wa Beni. Kuanzia darasa la tano masomo yote ni kwa Kifaransa, na kitabu cha kusomea ni kimoja tu, tena hakina jalada.

Ndiyo maana radio ilipofika Septemba mwaka jana, ikiwa imeazimishwa na ofisi ya elimu pamoja na kaseti sita za masomo ya Kifaransa, Jemima alifurahi hadi akaona haya. Aliiweka mezani, akabonyeza, akakaa pembeni na kupumzisha koo. Bwana wa kwenye kaseti alisema, watoto wakarudia. Mwalimu wetu akaamini kwamba mzigo umepata mbebaji.

Krismasi ilipokaribia, barabara zinakopitia bidhaa za Uganda zikafungwa kwa ajili ya mapigano, na bei ya betri ikapanda mara tatu. Jemima akaanza kuzibana zile alizonazo, leo akizipasha moto, kesho akizipumzisha. Radio haikuzimika. Ilichoka tu. Sauti ya yule bwana ikaanza kushuka na kuburuzika, kila siku kidogo, na kwa kuwa Jemima alikuwapo kila siku, hakugundua kitu.

Watoto nao, kwa utiifu wao wote, walirudia vilevile walivyosikia.

Mwezi wa pili akaja Inspekta Gérard, mwanamume mrefu asiyependa mzaha. Alimwuliza kwa Kifaransa mtoto wa mbele, Débora, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye sauti nyembamba, anaitwa nani. Débora alisimama, akabana kidevu shingoni, akaitoa sauti tumboni.

"Jeee… m'appeeelle… Déeebooora."

Akauliza wa pili, mambo yakawa yaleyale. Wa tatu naye hakubadilisha. Alipoaga, darasa zima lilimjibu kwa mvumo mzito, utadhani wazee sitini wanazika mwenzao.

"Madame, juu ya nini unafundisha batoto kuchekelea bakubwa?" aliuliza, uso umemwiva.

Jemima hakuelewa, maana kwake hicho ndicho kilikuwa Kifaransa cha darasa lake. Alichoweza kufanya ni kumwekea kaseti asikie mwenyewe. Inspekta alisikiliza, akajishika paji la uso, akatoka nje. Dirishani Jemima aliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko. Aliporudi, uso ulikuwa umenyooka tena: hadi mwezi wa tano aonyeshwe faida ya mashine hiyo, la sivyo itahamishwa.

Siku ile Jemima alilia. Hafichi. "Batoto hapana kukosa. Bo balirudilia vile balisikia. Ni miye njo nilikosa. Niliachia mashini kazi yangu."

Baada ya machozi alipiga moyo konde na kuanza kujiuliza kila kifaa alichonacho kinaweza nini. Ubao unaonwa na wote kwa pamoja. Mdomo wake unaweza kumsubiri mtoto na kumsahihisha. Je, radio?

"Ile mutu ya mu kaseti hapana kusikia batoto," anaeleza. "Anasema tu. Donc nikaona, mashini iko na kintu moja miye hapana kuweza. Inashika sauti ya mutoto na inamurudishia."

Tangu hapo, Jumatano ni siku ya dakika kumi. Watoto watano wanasoma mistari ubaoni huku radio ikiwarekodi, kisha darasa linasikiliza na mwenye sauti anajikosoa wa kwanza. Siku nyingine kazi ni ya mwalimu na chaki. Betri zikifa kabisa, hazitupwi: Jumamosi anazipasua, anautwanga ule unga mweusi pamoja na makaa na majani ya muhogo, na kwa rangi hiyo ubao uliopauka unakuwa mweusi tena.

Betri zilizotumika nusu anapewa na jirani yake Mama Hawa, mwenye duka, ambaye mumewe, Shafii, anaendesha lori la Beni. "Batoto ya Madame banakuja kununua sukari na Kifaransa," Mama Hawa anasema akicheka. "Nikijibu na Kiswahili, banakatala."

Saa tatu kamili Inspekta Gérard anaingia, kofia mkononi. Jemima hajisumbui na hotuba. Anamwita Débora, anabonyeza, na msichana anasoma mistari mitano kwa sauti yake mwenyewe. Radio inamrudishia. Anasikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Nimekimbia pa mwisho," anasema, na bila kuambiwa anausoma upya mstari wa mwisho.

Inspekta anaiweka kalamu mezani. Anatazama radio, anamtazama Jemima. "Na miye?" anauliza.

Anasoma mistari ileile, kifua mbele. Kisha anajisikiliza, na darasa linasikiliza pamoja naye. Mkono mmoja unapanda juu. Ni Débora.

"Monsieur l'inspecteur, na weye umekimbia pa mwisho."

Gérard anaanza kucheka, safari hii mbele ya watu, na watoto wanavunjika mbavu pamoja naye.

"Mashini inabakia," anasema huku akivaa kofia. "Batoto kama hawa, nani atabanyanganya?"

Akishatoka, Jemima anaketi kwenye dawati la mbele na kushusha pumzi. Betri bado zina dakika mbili, tatu. Anatoa kaseti tupu aliyoinunua mwenyewe na kueleza mpango alioufungia moyoni tangu Pasaka: kabla ya likizo kubwa, kila mmoja wa wale kumi na saba atarekodi maneno kwa ndugu zake waliobaki. Shafii ataipeleka kaseti Beni, na watu wataisikilizia kwenye radio-kaseti iliyomo ndani ya kabini ya lori lake.

Wa kwanza ni Débora. Yeye anaishi na nyanya yake hapa. Mama yake alibaki Beni akiuza mboga sokoni, na hawajaonana tangu mwaka jana.

"Barua, mama yake hapana kujua kusoma," Jemima anasema. "Sauti, atasikia."

Débora anaishika radio kwa mikono miwili. "Madame, niseme na Kifaransa?"

"Hapana. Sema Kinande, vile munasemaka ku nyumba."

Jemima anabonyeza. Débora anasogeza mdomo karibu, na watoto wengine wote sitini wananyamaza, ili mama yake asikie vizuri.